Kilainishi Kinapoleta Kasoro: Kusoma Dalili za Mpira wa Sintetiki Kuanzia kwenye Roli hadi kwenye Bidhaa

Mpira wa sintetiki unapotoka kwenye robota huwa mkaidi. Ukipitishwa kwenye mashine ya roli mbili hujikunja, hurudi ulikotoka kila unaponyoshwa, hupandisha joto na huchelewa kumeza kaboni nyeusi, ule unga mweusi unaouimarisha mpira. Kilainishi, ambacho huuzwa pia kwa jina la plastisaiza au oili ya mpira, hupenya katikati ya minyororo mirefu ya molekuli na kuiwezesha kuteleza, hivyo mchanganyiko hulainika, umeme unaotumika kuzungusha roli hupungua, na bidhaa iliyoiva, yaani iliyopashwa moto hadi minyororo hiyo ikaunganishwa, hupata unyumbufu ambao mpira na vijazio (unga kama kaboni nyeusi unaochanganywa nao) peke yake visingeupata. Kilainishi hicho hicho kikichaguliwa vibaya au kikitiwa wakati usiofaa huleta kasoro ambazo kwa kawaida mafundi huzihesabu kuwa za mashine, za joto au za mpira wenyewe.

Mwongozo huu unazilenga karakana za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma zinazotengeneza bushi za magari, gasketi, sili za pampu na za mashine za kusagia, mipira ya mashine za kukamulia ng'ombe, na zile zinazovisha matairi upya. Fundi anapoona kasoro, mkono wake hukimbilia kopo la oili ili aongeze au apunguze. Kiasi ndicho kinachopaswa kuguswa mwisho. Kwanza iulizwe aina ya kilainishi: je, kinapatana na mpira huu? Pili uulizwe wakati: kilitiwa kabla ya kaboni nyeusi, pamoja nayo, au baada yake? Maswali hayo mawili yakijibiwa kwa uaminifu, mara nyingi swali la kiasi halibaki tena. Na kila jaribio libadilishe jambo moja tu, kwa sababu fundi aliyebadilisha matatu kwa pamoja hawezi kujua ni lipi lililomponya au lililomharibia.

Viasi vyote vinavyotajwa hapa ni vya uzani, kwa kila sehemu 100 za mpira, na joto ni la selisiasi.

Aina zinazopatana

Kanuni ya msingi ni kwamba kilainishi na mpira vinapaswa kufanana kikemia. EPDM, aina ya mpira wa sintetiki ambao hutumika kwa sili za milango na mipira ya rejeta, hupokea vizuri oili ya kiparafini, na ile ya kinafteni pia. (Oili ya kiparafini inayotajwa hapa si mafuta ya taa, bali ni oili nzito iliyosafishwa kutoka kwenye mafuta ghafi.) SBR, mpira wa matairi na soli za viatu, hupatana na oili za kinafteni na za kiaromatiki. Neoprini hupokea oili za kinafteni na za kiaromatiki, na pale bidhaa inapokusudiwa kwa baridi kali huongezewa esta, yaani vilainishi vya kutengenezwa kikemia. Mpira wa nitraili, ambao ndio mpira unaotumika penye petroli na oili ya injini, unazikataa oili za kiparafini kwa sababu ile ile inayoufanya ustahimili mafuta, kwa hiyo hulainishwa kwa esta kama vile DOP au DOA. Kiwango cha akrilonitraili ndani ya nitraili nacho huamua mengi: kinavyopanda, uwezo wa kustahimili petroli hupanda, lakini mpira huwa mgumu zaidi kwenye baridi na huwa mchaguzi zaidi wa vilainishi.

Oili za kiaromatiki zina jambo la ziada. Zile za jadi hubeba kemikali za kundi la PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani, na tangu tarehe 1 Januari 2010 Umoja wa Ulaya umeweka mipaka mikali kwa oili za aina hiyo katika matairi. Oili zilizosafishwa zaidi, zinazojulikana kwa herufi TDAE na MES, ndizo zilizochukua nafasi yake. Anayenunua pipa katika eneo la viwanda la Nakuru anastahili kumdai muuzaji karatasi ya maelezo ya kiufundi kabla ya kulipa. Oili isiyo na karatasi hiyo haiwezi kuingizwa kwenye fomula, hata bei yake ikipendeza namna gani, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema pipa linalofuata litakuwa na kitu gani.

Mchanganyiko hauvai roli, au unavaa kisha unamomonyoka

Dalili ni kwamba mpira unateleza katikati ya roli bila kushika, au unashika kidogo kisha unaanguka kwenye trei ukiwa makombo. Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni kilainishi kutiwa kabla mpira haujaunda mkanda kamili kuizunguka roli ya mbele. Oili hulainisha uso wa roli na kuondoa msuguano, na bila msuguano roli haziwezi kuuvuta mpira. Achana na oili, punguza mwanya wa roli, pitisha mpira mtupu hadi uvae wote bila mashimo, ndipo uanze kutia vitu vingine.

Sababu ya pili ni joto la roli. SBR huvaa vizuri roli zikiwa na nyuzi 50 hadi 60 hivi, ilhali nitraili hutaka roli zilizopozwa na mwanya mwembamba. Asubuhi za Nakuru mwezi wa Julai, roli ambazo zimelala usiku kucha huwa baridi mno kwa SBR, na mkanda unaomomonyoka saa moja asubuhi huweza kushika vyema saa nne bila fomula kuguswa. Neoprini iliyohifadhiwa kwenye stoo yenye baridi huganda kwa namna ya fuwele na kuwa ngumu kama ubao. Ipashwe joto polepole kabla ya kupandishwa kwenye roli, wala isilainishwe kwa kumwagiwa oili ya ziada.

Vidonge vya kaboni nyeusi ndani ya mchanganyiko

Kasoro hii ndiyo inayoharibu bidhaa nyingi zaidi kuliko nyingine, na haionekani kwa urahisi. Bushi hutoka kwenye kalibu ikiwa nyeusi, laini na ya kupendeza, kisha hupasuka baada ya muda mfupi barabarani, na ukiikagua sehemu iliyopasuka unakuta kidonge kigumu ambacho ufa ulianzia hapo. Njia rahisi ya kuchunguza ni kukata kipande cha mchanganyiko kwa wembe mpya na kuutazama uso uliokatwa kwa kioo cha kukuzia, mwanga ukiangukia kwa ubavu. Uso mzuri unang'aa sawasawa. Uso mbaya una madoa, vipele au vishimo.

Kaboni nyeusi huja ikiwa punje zilizoshikamana. Ili punje hizo zivunjwe na kusambazwa, mpira lazima uwe mgumu wa kutosha kuzisaga unapobanwa na roli. Ukitia oili yote mwanzoni, mpira unakuwa laini na punje zinaelea ndani yake bila kuvunjwa, na hata ukiendelea kuchanganya kwa muda mrefu zaidi hutapata nafuu kubwa kwa sababu nguvu ya kusaga imekwisha ondoka. Kosa la namna hii hutokea hasa pale fundi anapotaka kupunguza kelele na mzigo wa mota: oili ikiingia mapema mashine inazunguka kwa utulivu, na utulivu huo unachukuliwa kuwa dalili njema.

Mpangilio unaofaa kwa mchanganyiko wa kawaida wa SBR wenye kaboni nyeusi sehemu 50 na oili sehemu 10 ni huu: mpira uvae roli; zinki oksaidi na asidi ya stiariki viingie; nusu ya kaboni nyeusi iingie bila oili na imezwe yote; kisha nusu iliyobaki ifuate ikipokezana na oili kidogo kidogo. Unga ulioanguka kwenye trei ufagiliwe na kurudishwa, kwa sababu unga huo ni sehemu ya fomula na mara nyingi umelowa oili. Kata mkanda kulia na kushoto kila baada ya hatua. Mchanganyiko upumzike na kupoa kabla ya kutiwa salfa na vichocheo, ambavyo ndivyo vinavyouivisha mpira.

Hata hivyo kuchelewesha oili kupita kiasi nako kuna adhabu yake. Mchanganyiko wenye vijazio vingi na usio na oili hupata joto haraka, hukauka na kupasuka, na unga huanza kumwagika badala ya kumezwa. Ukiona moshi mwepesi au mkanda unaotoa sauti ya kuchanika, oili inahitajika sasa. Kwa michanganyiko ya EPDM ambayo hubeba vijazio na oili nyingi sana, wakati mwingine oili ikizidi sehemu 100, wenye mashine ya kuchanganyia ya ndani hugeuza mpangilio kabisa: vijazio na oili hutangulia, na mpira huwekwa juu yake mwisho. Mbinu hiyo hufaa ndani ya chumba kilichofungwa, lakini kwenye roli za wazi haifai, kwa sababu vijazio na oili haviwezi kukaa juu ya roli bila mkanda wa kuvibeba.

Kuna pia suala la oili nzito kutiwa ikiwa baridi. Oili ya kiaromatiki iliyokaa usiku nje ya karakana humiminika kama asali, hushuka kwenye roli kwa mabonge, na sehemu iliyopata bonge hulainika kuliko majirani zake. Oili ipashwe hadi nyuzi 50 au 60 kwa maji ya moto yaliyozunguka chombo, kamwe si kwa moto wa wazi, kisha ipimwe kwa uzani wala si kwa kopo.

Mchanganyiko unanata kwenye roli na hautoki

Kunata kidogo ni kawaida ya michanganyiko yenye oili nyingi. Kunata kunakomlazimu fundi akwangue roli kwa kisu kuna sababu. Angalia joto la roli kwanza. Mpira mmoja hung'ang'ania roli ya moto, mwingine ile ya baridi, na mara nyingi kubadilisha joto la roli ya nyuma kwa nyuzi 10 kunatosha kuuhamisha mkanda urudi mbele. Asidi ya stiariki ikisahauliwa au ikipunguzwa, kunata huongezeka, kwani ndiyo inayosaidia uso wa mchanganyiko uachane na chuma. Oili zenye aromatiki nyingi na utomvu wa misonobari huongeza mnato kwa asili, na hiyo ni sifa njema pale unapotaka tabaka mbili za tairi zishikane kabla ya kuiva, lakini ni balaa katika mchanganyiko wa gasketi. Badilisha sehemu ya oili hiyo kwa oili ya kinafteni kabla ya kufikiria kupunguza jumla.

Ugumu wa bidhaa haulingani na fomula

Kwa makadirio ya kazi, kila sehemu 2 za oili hushusha ugumu wa Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) kwa takriban pointi 1, na kila sehemu 2 za kaboni nyeusi ya daraja la N330 huupandisha kwa kiasi kama hicho. Ikiwa bidhaa imetofautiana na matarajio kwa pointi 2 au 3, mizani, joto la chumba na muda wa kupumzika vinaweza kueleza tofauti hiyo. Ikiwa imetofautiana kwa pointi 8 au zaidi, soma upya lebo ya robota.

SBR ya daraja la 1502 haina oili ndani yake. Ile ya daraja la 1712 imekwisha changanywa na oili kiwandani, sehemu 37.5 kwa kila sehemu 100 za mpira, kwa hiyo robota lenye uzani wa sehemu 137.5 lina mpira sehemu 100 tu. Fundi anayepima kilo 100 za 1712 akidhani ni mpira mtupu amepima mpira usiofika kilo 73 na oili zaidi ya kilo 27. Kaboni nyeusi yake ya sehemu 50 inakuwa kama sehemu 69 dhidi ya mpira halisi, salfa ya sehemu 2 inakuwa 2.75, na oili anayoongeza juu yake inakuta nyumba tayari ina mgeni. Matokeo ni mchanganyiko unaoiva haraka kuliko kawaida, wenye ugumu usiotabirika, na pengine wenye unga wa salfa juu ya bidhaa. Hapa hakuna oili ya kupunguza wala kuongeza hadi hesabu yote irudiwe kwa msingi wa 137.5.

Bidhaa haiivi, au inaiva kabla ya kufika kwenye kalibu

Mpira usioiva hubonyea kwa ukucha na hauinuki upesi. Kama mchanganyiko ni EPDM unaoivishwa kwa peroksaidi, kemikali inayotumika badala ya salfa, tazama oili moja kwa moja. Oili za kiaromatiki, na kwa kiasi fulani zile za kinafteni, huzinasa chembe tendaji za peroksaidi kabla hazijaunganisha minyororo ya mpira. Kuongeza peroksaidi ni kulipa gharama mara mbili, na dawa halisi ni oili ya kiparafini. Kama mchanganyiko unaivishwa kwa salfa na kilainishi ni mafuta ya mimea, iwe ya alizeti, ya pamba au mengineyo yenye viunganishi maradufu vingi, mafuta hayo hujichukulia sehemu ya salfa. Kwa sababu hiyo mafuta ya mimea hutumiwa vyema zaidi yakiwa yamekwisha pikwa na salfa kuwa faktisi, ambayo pia husaidia mipira inayokamuliwa kwenye mashine ya kutolea mabomba isivimbe wala kujikunja inapotoka.

Karakana zinazotumia mvuke zina sababu nyingine isiyohusu oili kabisa, na inafaa iondolewe mapema. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu iko karibu mita 1,130. Geji ya kawaida hupima shinikizo lililozidi lile la hewa ya mahali, na hewa ya Nakuru ni nyepesi. Mvuke wa bar 4 kwenye geji una joto la takriban nyuzi 152 pwani, lakini Nakuru una nyuzi 150 na kitu. Kasi ya kuiva hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo upungufu huo wa nyuzi moja na nusu hudai muda wa kama asilimia 10 zaidi. Fomula iliyoletwa kutoka Mombasa pamoja na dakika zake haistahili kulaumiwa kwa sababu ya kilainishi kabla ya kipimajoto kuwekwa kwenye kalibu yenyewe.

Kasoro iliyo kinyume, yaani mchanganyiko kuanza kuiva ukiwa bado kwenye roli au stoo, hutambulika kwa mkanda unaopata chembechembe ngumu na kupoteza mng'ao. Kilainishi huhusika kikiwa kidogo mno au kikiwa kimechelewa, maana msuguano hupandisha joto na salfa hukuta mchanganyiko wa moto. Salfa na vichocheo visiingie joto likiwa limepita nyuzi 100. Kisumu, ambako stoo ya mabati mchana huwa tanuri, mchanganyiko uliokwisha tiwa vichocheo uhifadhiwe mahali penye kivuli na hewa, kwa mabamba membamba yaliyotenganishwa, wala usirundikwe ukiwa bado na joto.

Matundu na malengelenge baada ya kuiva

Kata bidhaa katikati. Matundu yaliyojaa kwenye kiini peke yake, ilhali ngozi ni imara, husema kwamba kiini hakikuiva kabla presi haijafunguliwa, ongeza muda. Matundu madogo yaliyosambaa kila mahali husema kuna kitu kilichogeuka gesi, nacho ni kimojawapo kati ya maji na kilainishi chepesi. Maji huja na vijazio: silika, udongo wa kaolini na chokaa ya unga hunyonya unyevu, na magunia yaliyowekwa sakafuni wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei hurudi kwenye mizani yakiwa yamebeba maji ambayo hakuna aliyeyapima. Pima gunia, likaushe, lipime tena. Kilainishi chepesi, au oili iliyochanganywa na dizeli na muuzaji asiye mwaminifu, hutambulika kwa jaribio dogo: pima gramu 50 za oili kwenye sufuria pana, iweke kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa mbali na moto wa wazi, kisha ipime tena. Oili nzuri ya mpira hupoteza kiasi kidogo sana. Inayopungua kwa wazi haifai kwa bidhaa inayoiva kwa nyuzi 150.

Lengelenge moja moja kubwa, kwa kawaida karibu na ukingo, ni hewa iliyonaswa. Mchanganyiko laini kupita kiasi hujaza kalibu upesi na kuifungia hewa ndani. Hapo ndipo kupunguza oili huwa jibu sahihi, pamoja na kufungua na kufunga presi mara chache mwanzoni ili hewa itoke.

Jasho la mafuta au unga juu ya bidhaa

Vitu hivi viwili huchanganywa sana. Pangusa bidhaa kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikipata doa la mafuta linaloangaza, kilainishi kinatoka. Ikipata unga mkavu wa kijivu au wa manjano hafifu, pasha sehemu hiyo kwa maji ya moto: unga ukipotea na kurejea baada ya siku chache za kupoa, ni salfa iliyozidi uwezo wa mpira kuiyeyusha. Katika nitraili salfa huyeyuka kwa shida, na kwa sababu hiyo hutiwa mwanzoni kabisa ili ipate muda wa kusambaa, kinyume na desturi ya SBR.

Jasho la mafuta lina sababu mbili. Ama kilainishi hakipatani na mpira, kama oili ya kiparafini ndani ya nitraili, na hapo hata sehemu chache hutoka. Ama kinapatana lakini kimezidi kiwango ambacho mpira unaweza kukishika baada ya kuiva. Kumbuka kwamba mchanganyiko mbichi hushika oili zaidi kuliko ulioiva, kwa kuwa minyororo ikiunganishwa nafasi hupungua. Bidhaa inaweza kutoka kalibuni ikiwa kavu na kuanza kutoa jasho baada ya wiki mbili rafuni. Sampuli ziwekwe angalau muda huo kabla ya kundi kubwa kupelekwa kwa mteja.

Bushi inabanduka kwenye chuma

Barabara za milimani na malori ya miwa huzitesa bushi, na bushi iliyobanduka ni hatari kwa maisha ya watu. Tazama chuma kilichobaki. Kikiwa na mpira uliochanika juu yake, gundi ilishika na mpira ndio uliokuwa dhaifu; rudi kwenye vidonge vya kaboni nyeusi. Kikiwa kisafi lakini kikavu, usafishaji au gundi ilikosewa. Kikiwa na utando wa mafuta, kilainishi kilihama kutoka kwenye mpira hadi kwenye mpaka wa gundi. Esta ndizo wakosaji wakubwa katika hilo. Kwa bidhaa zinazogandishwa kwenye chuma, kilainishi kiwe kidogo kadiri usindikaji unavyoruhusu, na ulaini utafutwe kwa kupunguza kaboni nyeusi au kuchagua daraja laini zaidi la mpira. Katika kuvisha matairi hali ni hiyo hiyo: oili nyingi kwenye tabaka la juu huhamia kwenye tabaka la kuunganishia na kulidhoofisha.

Gasketi inakauka, inasinyaa na kupasuka kazini

Gasketi ya nitraili kwenye kabureta ya pikipiki ya boda boda huanza ikiwa laini. Petroli huingia ndani yake, huiyeyusha DOP na kuondoka nayo. Wakati gasketi imelowa haionyeshi dalili, kwa kuwa petroli imechukua nafasi ya kilainishi. Pikipiki ikikaa siku kadhaa bila kutumika, petroli hukauka, gasketi husinyaa na kuvuja. Kuongeza DOP kwenye fomula huzidisha ubaya, maana kinachoweza kutolewa kimeongezeka. Dawa ni kilainishi ambacho petroli haiwezi kukibeba kwa urahisi: poliesta yenye molekuli kubwa, au nitraili ya majimaji, ambayo huiva pamoja na mpira na kuwa sehemu yake. Ikiwa adui ni joto badala ya petroli, kama kwenye sili za pampu za viwanda vya sukari, kilainishi cha esta kiitwacho TOTM hustahimili zaidi ya DOP kwa sababu haigeuki mvuke upesi.

Kwa upande wa baridi, milango ya vyumba vya kugandishia samaki mjini Kisumu huhitaji sili ambazo hazikakamai. EPDM yenye oili ya kiparafini hufaa; nitraili ikilazimika kutumika, iwe ya akrilonitraili ya chini na ilainishwe kwa esta za DOA au DOS. Oili ya kiaromatiki hapo itageuka kuwa ngumu.

Oili chafu ya injini

Inapatikana kila gereji, ni nyeusi kama mchanganyiko wenyewe, na karibu ni ya bure. Ina maji, vumbi la chuma, asidi, PAH zilizozaliwa na mwako, na viongezi vya zinki na fosforasi ambavyo huingilia mwendo wa kuiva kwa salfa. Kila gereji hutoa oili tofauti, kwa hiyo kila kundi la bidhaa litakuwa tofauti, na dalili zote zilizoelezwa juu zinaweza kutokea kwa zamu bila chanzo kimoja cha kukamata. Fundi anayeishika kila siku kwa mikono mitupu anaubebesha mwili wake sumu hizo pia. Isitumike kwenye bidhaa yoyote.

Katika mipira ya mashine za kukamulia na mabomba ya maji ya kunywa katazo ni pana zaidi. Mafuta ya maziwa huvuta kilainishi kama petroli inavyofanya kwenye gasketi, na kilichovutwa kinaingia kwenye kopo la mtoto. Oili za kiaromatiki na DOP zisikaribie bidhaa hizo. Ziundwe kwa EPDM au nitraili yenye vilainishi vilivyoruhusiwa kugusa chakula, na roli zisafishwe kwa kupitisha mpira mtupu kabla ya mchanganyiko wake kuanza, ili mabaki ya fomula iliyotangulia yasiingie humo.